Askofu Sipriani wa Karthago alikimbia mateso mwaka 250: mwoga au mchungaji mwenye akili?

#1 Mwana wa Katekista
Habari za jioni wakuu. Kuna jambo limenikaa kichwani tangu tulipokuwa na mafundisho kwenye jumuiya, naomba tulijadili kwa utulivu.

Mwishoni mwa 249 Kaisari Decius aliamuru kila mkazi wa dola la Roma atoe sadaka kwa miungu mbele ya tume ya serikali. Tarehe 20 Januari 250 Fabiani, askofu wa Roma, akafa shahidi. Babila wa Antiokia na Aleksanda wa Yerusalemu wakafia kifungoni. Wakati huohuo Sipriani, askofu wa Karthago, mji mkuu wa Afrika ya Kirumi, akatoka mjini kimyakimya na kujificha kwa zaidi ya mwaka, akiongoza kanisa kwa barua. Waumini wake walibaki wakipandishwa Kapitolio, penye hekalu la miungu, kuchoma ubani.

Aliporudi 251 ndiye aliyekaa kitini kuamua nani arudi kundini mara moja na nani asubiri mpaka kitanda cha mauti. Hapo ndipo ninapokwama. Mtu aliyekimbia alipata wapi haki ya kuwapima walioanguka? Mimi naona aliogopa, kisha akatumia kalamu kujisafisha. Nipingeni kwa hoja, siyo kwa matusi.

#2 Dereva wa Tunduma
Nimeweka kambi. Leteni vitu.

#3 Mzee wa Rungwe
Mleta mada, fungua Mathayo 10:23. Bwana mwenyewe aliwaambia wanafunzi wakifukuzwa mji mmoja wakimbilie mwingine. Paulo alishushwa ukutani Dameski usiku ndani ya kapu. Tumwite mwoga naye? Kukimbia siyo kukana. Anayekana ni yule aliyeusogelea moto wa madhabahu na punje za ubani mkononi. Aliyekimbia amepoteza nyumba, shamba na jina zuri mjini, na imani anayo.

#4 Nyakahanga
Shikamoo Mzee. Hoja yako nzuri, lakini hukohuko Karthago, kama miaka 40 kabla ya Sipriani, Tertuliani aliandika kitabu kizima kuipinga. Kwake maneno ya Mathayo 10 yalikuwa ya mitume na kwa wakati ule tu, ili Injili isizimwe Yudea kabla haijaenea. Na kwa kuwa mateso huja kwa ruhusa ya Mungu, anayeyakimbia anamkimbia Mungu. Akaenda mbali zaidi: hata kumpa askari fedha ili akuache alikukataa, kwamba huwezi kumnunua kwa sarafu mtu ambaye Kristo alimnunua kwa damu.

Na Sipriani alikuwa mwanafunzi wake wa maandishi. Hieronimo anasimulia kwamba Sipriani hakupitisha siku bila kumsoma Tertuliani, akimwambia karani wake "Nipe mwalimu". Kwa hiyo alipoondoka mjini alijua vizuri mwalimu amesemaje.

#5 Kibo Kaskazini
Nyakahanga umesema kweli, ila umeacha mwisho wa habari. Tertuliani alipoandika vile alikwisha kuelekea kwa Wamontano, waliokuwa na msimamo mkali kwenye kila kitu. Na Hieronimo huyohuyo anasema Tertuliani aliishi mpaka uzee wa kuchakaa. Aliyepiga kelele kwamba kukimbia ni dhambi alizeeka. Aliyekimbia alikatwa kichwa tarehe 14 Septemba 258. Mimi hukumu yangu naiweka hapo.

#6 Mgosi wa Mlalo
Samahani wakuu, huyu ndiye Sipriani aliyekuwa mchawi akaokoka? Nilisikia habari zake.

#7 Kibo Kaskazini
Hapana mkuu. Huyo anaitwa Sipriani wa Antiokia, habari zake ni za masimulizi ya baadaye. Wa Karthago alikuwa mwalimu wa ufasaha, mtu wa tabaka la juu na mwenye mali. Alibatizwa ukubwani, kama 246, na miaka miwili mitatu baadaye akawa askofu. Mgosi leo umemtia Mtakatifu kwenye kesi ya uchawi bure 😄

#8 Mwana wa Katekista
Kibo, hoja yako nzito lakini haijibu swali. 258 ni 258. Mimi nauliza 250. Mtu anaweza kuogopa akiwa mpya kazini na kuwa jasiri baadaye, na Petro ni mfano. Petro alilia machozi, lakini barua za Sipriani toka mafichoni sioni machozi, naona utetezi na maagizo.

#9 Mwalimu wa Zamu
Kabla hatujamhukumu mtu, tuielewe amri yenyewe, maana wengi tunaichanganya na mateso ya Nero.

Nero mwaka 64 aliwasingizia Wakristo moto wa Roma, na mambo yalibaki Roma mjini. Kama 112 Plinio, akiwa gavana kule Bithinia, alimwandikia Kaisari Trajan kuuliza awafanyeje. Akajibiwa: wasitafutwe, lakini wakishtakiwa na kung'ang'ania, waadhibiwe. Huo ndio ukawa mwenendo kwa zaidi ya miaka 100. Mkristo aliishi akimtegemea jirani asimchongee.

Decius akaja na kitu kipya. Hakusubiri mashtaka, aliita watu wote. Mwaka 248 Roma ilikuwa imesherehekea miaka 1000 tangu kuanzishwa, huku mipaka ikivunjwa na makabila ya kaskazini. Tangu 212, kwa amri ya Caracalla, karibu kila mtu huru katika dola alikuwa raia. Kwa hiyo ukitaka miungu ikutazame, raia wote watoe sadaka. Ukishatoa unapewa cheti. Vyeti hivyo zaidi ya 40 vimepatikana kwenye mchanga wa Misri, vimeandikwa kwenye mafunjo, vya Juni na Julai 250. Maneno yake ni ya kiofisi kabisa: fulani wa kijiji fulani, siku zote nimeitolea miungu sadaka, na sasa mbele yenu nimetoa sadaka, nimemimina kinywaji na kuonja nyama, naomba mthibitishe. Chini kuna sahihi za mashahidi.

Cheti kimoja ni cha Aurelia Ammonous, kuhani wa kike wa mungu mamba huko Arsinoe. Hata kuhani wa miungu alidaiwa karatasi! Hapo ndipo wanahistoria wanapogawanyika. Wapo wanaosema Decius hakuwalenga Wakristo, alitaka umoja wa dola, na Wakristo wakanasa. Wengine wanasema maaskofu wasingekamatwa Januari ileile kama Wakristo hawakuwa kwenye hesabu yake.

#10 Sauti ya Bukumbi
Asante Mwalimu. Hapo pa cheti ndipo Karthago ilipopasuka. Kuna waliotoa sadaka ya mnyama, kuna waliochoma ubani tu, na kuna waliotoa fedha wakaletewa cheti bila kugusa madhabahu. Hao wa mwisho walijiona safi: sikusujudu, nimenunua karatasi tu. Sipriani anasema kwa uchungu kwamba watu walikimbilia sokoni kabla hata ya kuitwa. Jioni ilipoingia na maofisa wakataka kuahirisha mpaka kesho, wapo waliowasihi wasiwarudishe nyumbani. Sasa fikiria ni mchungaji wa kundi la namna hiyo.

#11 Shujaa wa Imani
Wakristo wamechinjwa miaka 300 mfululizo na mamilioni wakafa, leo mnakaa kubishana kuhusu cheti? Wale walikuwa watu wa Mungu kweli. Tusiwapime kwa akili zetu.

#12 Nyakahanga
Shujaa, naheshimu moyo wako, lakini hesabu hiyo haina shahidi. Origene, ambaye baba yake Leonidas aliuawa Aleksandria kama 202 na yeye mwenyewe akateswa chini ya Decius, aliandika kama 248 kwamba waliokufa kwa ajili ya imani mpaka wakati wake ni wachache, wanahesabika kirahisi. Huyo ni mtu wa ndani. Na haikuwa mfululizo. Baada ya Valerian kutekwa na Waajemi mwaka 260, mwanawe Gallienus aliwarudishia Wakristo sehemu zao, na kukawa na amani ya kama miaka 40 mpaka Diocletian 303.

#13 Shujaa wa Imani
Hata akiwa mmoja bado ni damu.

#14 Nyakahanga
Hapo tuko pamoja.

#15 Mama Ibada
Naomba niseme la kwangu, maana mnazungumza walioanguka kama majina ya kitabuni. Kwetu ni Walutheri. Shangazi yangu mkubwa alitengwa na usharika wetu kwa sababu ya ndoa, sitataja ni wapi. Alikaa benchi la nyuma miaka mingi, siku ya Chakula cha Bwana anatoka nje anakaa chini ya mti na watoto wadogo. Siku aliyorudishwa kundini alisimama mbele ya watu wote, mchungaji akauliza mnampokea, tukajibu tunampokea. Nilikuwa binti mdogo lakini sijaona furaha ya namna ile tena kanisani.

Sasa mleta mada, ukiniuliza mimi, Sipriani alifanya jambo gumu kwa haki. Mtaguso wa Karthago wa 251 uliamua walionunua vyeti wapokelewe baada ya toba, kila mmoja kwa kesi yake, na waliotoa sadaka wafanye toba ndefu, wapewe amani wakikaribia kufa. Kisha 253, mateso mapya yalipokuwa yananukia, wakaamua wote waliokuwa kwenye toba warudishwe, ili wasiende vitani bila Ekaristi. Huyo ni mtu anayetazama watu wake. Hakuwafungia mlango kama Novasiano wa Roma, aliyesema aliyeanguka kanisa halina msamaha wake.

#16 Mwana wa Katekista
Mama Ibada umenigusa. Ila bado: shangazi yako alipokelewa na mchungaji aliyekuwepo muda wote. Hapa anayepokea ndiye asiyekuwepo.

#17 Bint Kilwa
Assalam alaykum ndugu zangu. Mimi Muislamu ila nafuatilia uzi kwa makini. Kwetu kuna kisa cha Ammar bin Yasir, aliyeteswa Makka pamoja na wazazi wake. Mama yake Sumayya aliuawa. Yeye alizidiwa akatamka maneno waliyoyataka, kisha akaja kwa Mtume akilia. Akaulizwa, moyo wako ulikuwaje? Akasema umetulia kwenye imani. Akaambiwa wakirudia nawe rudia. Aya ya An-Nahl 106 inamtoa hatiani aliyelazimishwa na moyo wake ukabaki na imani. Je, kwa akina Sipriani aliyeteswa mpaka akashindwa alihesabiwa sawa na aliyekimbilia sokoni mwenyewe?

#18 Shemasi Mkongwe
Wa alaykum salaam dada. Hapana, hawakuhesabiwa sawa. Sipriani mwenyewe anatofautisha aliyekwenda kwa hiari na aliyeshindwa baada ya mateso ya muda mrefu. Kuna kisa cha mwanamke aitwaye Bona. Mumewe alimburuta mpaka kwenye sadaka, wakamshika mikono wakaitumia mikono yake, naye anapiga kelele: siyo mimi niliyefanya, mmefanya ninyi! Akapelekwa uhamishoni. Askofu mmoja, Kaldonio, alimwandikia Sipriani kuuliza habari yake na ya wengine walioanguka kisha wakasimama tena, naye akakubali kwamba hao wamejisafisha. Lakini tofauti na kisa chako cha Ammar, hakuna aliyeambiwa wakirudia nawe rudia.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo naona mnalipita. Mnatafuta uoga au ujasiri, mimi natazama siasa za ndani ya kanisa. Sipriani alichaguliwa kwa shangwe ya watu, akiwa na miaka michache tu tangu ubatizo, na mapadre watano hawakumkubali tangu siku ya kwanza. Alipoondoka, hao ndio waliobaki na mji. Gerezani kukawa na waungama, watu walioteswa bila kukana, na heshima yao ilikuwa kubwa kuliko ya askofu yeyote aliye mafichoni. Mmoja wao, Lusiano, akaanza kutoa barua za amani kwa walioanguka, kwa jina la shahidi Paulo aliyekwisha kufa, na mwisho akatoa msamaha kwa wote kwa mkupuo. Baadhi ya mapadre wakawapa Ekaristi bila toba yoyote.

Kwa hiyo mafundisho yake makali kwamba asiye na Kanisa kuwa mama hawezi kuwa na Mungu kuwa Baba yalizaliwa katika vurugu hii. Askofu aliyepoteza sauti mjini mwake alihitaji kuonyesha kwamba kiti ni kiti hata kama aliyekikalia yuko porini. Siyo lazima awe mnafiki, inawezekana aliamini kila neno. Lakini shinikizo lilikuwepo.

#19 Mzee wa Rungwe
Shemasi unamfanya kama mwanasiasa wa siku hizi. Mtu alilitwa simba na umati! Uwanjani watu walipiga kelele mara kwa mara Sipriani apewe simba. Serikali ikabandika tangazo kwamba yeyote mwenye mali ya Sipriani, askofu wa Wakristo, aitoe. Huyo angebaki angekufa wiki ileile, na pamoja naye waliomficha.

#20 Msomaji wa Usiku
Mzee, "alilitwa" au "aliitiwa"? 😄 Tunaelewa lakini.

Kuna barua moja ambayo lazima iwekwe hapa. Makleri wa Roma, wakiwa wamefiwa na askofu wao Fabiani, waliandika Karthago. Wanasema wamesikia Sipriani amejitenga kwa sababu maalumu, na amefanya vizuri kwa kuwa ni mtu mashuhuri. Kisha wanageuka na kusema habari za mchungaji wa mshahara anayeona mbwa mwitu akakimbia. Hawakumtaja, lakini nani asingeelewa? Barua ilipomfikia, Sipriani akairudisha Roma! Akasema haioneshi nani kaandika wala kaandikiwa nani, na mwandiko, maneno na hata karatasi vimemtia shaka, kwa hiyo waangalie kama ni yao kweli. Mimi nasoma hapo mtu aliyechomwa.

Baadaye akawatumia nakala za barua 13 alizokuwa ameandika akiwa mafichoni, waone kwamba hakulala. Humo kuna maagizo ya kuwalisha maskini, kuwatembelea wafungwa, kuandika tarehe za kufa mashahidi. Roma wakaridhika.

#21 Mwana wa Katekista
Hiyo barua ndiyo hoja yangu yote, mkuu. Kwa hiyo sikuanza mimi kumshuku. Walianza wenzake wa wakati ule.

#22 Kibo Kaskazini
Wenzake hao hawakuwa peke yao duniani. Dionisi wa Aleksandria naye alikimbia mwaka uleule. Yeye alisubiri nyumbani siku nne, askari aliyetumwa akamtafuta mitoni, njiani, mashambani, kila mahali isipokuwa nyumbani kwake. Alipoondoka akakamatwa. Habari ikawafikia watu waliokuwa kwenye harusi ya kijijini, usiku wa manane wakavamia walinzi, walinzi wakakimbia. Dionisi akadhani ni majambazi, akaanza kuwapa nguo zake. Wakambeba juujuu kwa mikono na miguu, wakamweka juu ya punda na kumtorosha, huku akiwasihi wamwache. Hakuna anayemwita Dionisi mwoga.

#23 Dereva wa Tunduma
Harusi ya namna hiyo ningechangia kamati mara mbili 😂😂

#24 Sauti ya Bukumbi
Niongeze jambo linalotuhusu sisi wa Ziwa. Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadre Weupe, walianzishwa Algiers mwaka 1868 na Lavigerie, ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Karthago pia. Kanzu yao nyeupe waliichukua kwenye mavazi ya watu wa Afrika Kaskazini. Msafara wa kwanza kwenda Maziwa Makuu ulipita Bagamoyo 1878, na 1879 wakafika Buganda. Kwa hiyo wale vijana Wakatoliki waliochomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886 walifundishwa na watu waliotoka nchi ya Sipriani na Augustino. Na Papa Paulo VI alipowatangaza watakatifu wale 22 mwezi Oktoba 1964, aliwataja Sipriani, Felisita, Perpetua na Augustino katika mahubiri yake.

Nimewahi kusimama kwenye magofu ya uwanja wa Karthago, pale nje ya Tunis. Katikati kuna kikanisa kidogo cha kumbukumbu ya Perpetua na Felisita kilichojengwa na Mapadre Weupe haohao. Nilisali pale kwa Kiswahili, kwa sauti, na sikuona aibu.

#25 Mgosi wa Mlalo
Perpetua si ndiye aliyeuawa kwenye mateso haya ya Decius? Mama mwenye mtoto mchanga.

#26 Mwalimu wa Zamu
Kabla yake, Mgosi. Tarehe 7 Machi 203, wakati wa Septimius Severus. Alikuwa na miaka kama 22, ananyonyesha, na aliacha maandishi yake mwenyewe ya gerezani: baba yake anamlilia amwonee huruma, giza la shimo, ndoto ya ngazi yenye silaha pembeni. Ni moja ya maandishi machache sana ya mwanamke wa zama zile kutufikia. Felisita alikuwa mtumwa, akajifungua gerezani mwezi wa nane wa mimba.

Na kabla yao tarehe 17 Julai 180 kuna wale 12 wa Scilli, waliohukumiwa Karthago. Liwali aliwauliza kuna nini kwenye sanduku lenu? Sperato akajibu: vitabu, na barua za Paulo, mtu wa haki. Walipewa siku 30 wafikiri, wakakataa.

Sasa ukijua kumbukumbu za watu kama hao zilikuwa zinatunzwa Karthago, unaelewa kwa nini askofu kukimbia kuliuma kuliko Aleksandria. Kanisa la Afrika lilijilea kwenye damu. Ndiyo sababu hoja ya Nyakahanga ya #4 siyo ya Tertuliani peke yake, ni ya mji mzima.

#27 Bint Kilwa
Kwa kuwa Namugongo imetajwa, naomba isisahaulike kwamba 1876, kabla ya mashahidi wa Kikristo, Waislamu pia waliuawa huko kwa amri ya Kabaka Muteesa. Walikataa kula nyama aliyochinja asiye Muislamu na kuswalishwa na asiyetahiriwa.

#28 Sauti ya Bukumbi
Kweli kabisa dada, na pale Namugongo pana msikiti wa kumbukumbu yao. Ahsante.

#29 Kasulu Kwetu
Swali pembeni. Kama damu ya mashahidi ni mbegu, kama Tertuliani alivyosema mwaka 197, mbona mavuno ya Karthago hayapo? Misri Wakopti wapo. Tunisia na Algeria kanisa la wenyeji liliisha. Mimi nasema ni ugomvi huohuo wa waliosimama na walioanguka. Ulirudi baada ya 303, safari hii kwa waliokabidhi Maandiko yachomwe. Mwaka 311 au 312 Sesiliano akawekwa kuwa askofu, wakasema aliyemweka wakfu, Feliksi wa Aptungi, alikabidhi vitabu. Uchunguzi wa serikali ukamsafisha Feliksi, lakini waliompinga Sesiliano, ndio Wadonato, hawakukubali. Kwa miaka 100 kukawa na maaskofu wawili karibu kila mji. Kwenye mkutano wa Karthago wa 411 kila upande ulileta zaidi ya 280! Nyumba imegawanyika namna hiyo itasimamaje?

#30 Nyakahanga
Na kila upande ulikuwa na Sipriani mkononi. Wadonato walisema: Sipriani alifundisha kwamba ubatizo wa nje ya kanisa si ubatizo, na maaskofu 87 walimuunga mkono Septemba 256 dhidi ya Stefano wa Roma. Augustino akajibu: ndiyo, lakini Sipriani hakuvunja umoja hata alipopishana na Roma. Baadaye Augustino akakubali serikali iwabane Wadonato kwa faini na sheria, akitumia lile neno la Luka 14, "uwashurutishe kuingia ndani". Hapo mimi Augustino simwungi mkono, hata kama nampenda. Kanisa lililoteswa na Decius lilipata kaisari wake ndani ya miaka 160, likamwomba awabane Wakristo wengine.

#31 Mzee wa Rungwe
Augustino alishuhudia wenzake wakipigwa marungu na wale wazururaji wa upande wa Donato. Usimhukumu ukiwa umekaa kitini.

#32 Nyakahanga
Mzee, sheria ilimkuta hata mkulima asiyeshika rungu.

#33 Mwalimu wa Zamu
Kasulu, sababu ya ugomvi ipo lakini haitoshi. Misri nayo iligawanyika vibaya baada ya Mtaguso wa Kalkedonia 451 na kanisa likabaki. Wengine wanasema ni lugha: Misri Biblia ilikuwa kwa Kikopti, watawa walijaa jangwani na vijijini, wakati Afrika kanisa lilisali Kilatini, lugha ya mijini. Vandali walipochukua Karthago 439, kisha Wabizanti 533, kisha Waarabu 698, matajiri na wasomi wakavuka bahari.

#34 Shemasi Mkongwe
Hoja ya lugha ina nyufa. Augustino alipotaka askofu wa Fussala alitafuta mtu anayejua Kipuni. Wenyeji hawakusahauliwa kabisa. Na halikuisha 698. Mwaka 1076 Papa Gregori VII bado anaandikiana na Askofu Siriako wa Karthago, akisikitika kwamba Afrika nzima hakuna maaskofu watatu wa kumweka wakfu mwingine. Hiyo ni karibu miaka 400 baadaye.

#35 Kasulu Kwetu
Basi ni kodi na muda. Au vita. Bado naona mgawanyiko ulianza kula mizizi mapema.

#36 Msomaji wa Usiku
Turudi kwa mwenye uzi. Nimepitia tena mwisho wa Sipriani na kuna kitu ambacho pande zote mbili mmekiruka. Agosti 257, chini ya Valerian, aliitwa, akakiri, akapelekwa uhamishoni Curubis. Mwaka uliofuata akaruhusiwa kurudi kwenye bustani yake Karthago. Liwali alikuwa Utica, akatuma askari wamchukue huko. Sipriani akajificha tena! Akaandika barua yake ya mwisho kueleza: inafaa askofu amkiri Bwana katika mji ambao ameongoza kanisa lake, mbele ya watu wake. Liwali aliporudi Karthago, akatoka mafichoni, akakaa bustanini kusubiri. Liwali Galerius Maximus alimsomea hukumu ya upanga, akajibu "Deo gratias". Akaagiza mnyongaji wake apewe sarafu 25 za dhahabu. Waumini wakatandaza vitambaa mbele yake, na usiku wakaubeba mwili kwa mishumaa na mienge.

Kwa hiyo mtu huyu alijificha mara mbili. Mara ya pili alijificha ili afe mahali panapostahili. Je, hiyo inatusaidia kuisoma mara ya kwanza?

#37 Kibo Kaskazini
Inasaidia sana. Kwake kufa kulikuwa kazi ya askofu, na kazi ina wakati wake. Angekufa 250 nani angesimamia tauni iliyofuata, alipowaagiza Wakristo wahudumie hata wapagani? Nani angechangisha sesta (sarafu za Kirumi) 100,000 kukomboa mateka wa Numidia?

#38 Mwana wa Katekista
Kibo, hoja ya "angekufa nani angefanya" inaweza kumtetea kila anayekimbia. Fabiani naye angebaki hai angefanya mengi. Ninachokubali ni cha Msomaji: barua ya mwisho inasema inafaa askofu akiri mbele ya watu wake. Sawa. Hiyo ndiyo sheria aliyojiwekea mwenyewe 258. Ikiwa ni kweli 258, ilikuwa kweli 250. Mama Ibada au Shemasi, hapo mnanijibuje?

#39 Mama Ibada
Nakujibu hivi: 250 hakuna aliyejua Decius atakufa baada ya mwaka mmoja na nusu. Sipriani alidhani kanisa lote linafutwa. 258 alijua linabaki.

#40 Shemasi Mkongwe
Mama Ibada sikubaliani kidogo. Barua zake za 250 hazisomeki kama za mtu anayedhani kanisa linafutwa, anapanga mpaka nani awe msomaji na nani padre. Nikitulia kesho nitaweka mfano wa Aurelio, kijana aliyeungama imani mara mbili, ambaye Sipriani alimteua msomaji akiwa mafichoni bila kuwauliza watu kwanza.

#41 Dereva wa Tunduma
Shemasi usichelewe, naingia zamu ya usiku.